Laini Iko kwa Jina la Nani?



Mwanamme akiibiwa simu, watu humpa pole na kumlaani mwizi. Mwanamke akiibiwa simu, anaanza kuhojiwa yeye. Ulikuwa wapi saa hizo? Ulitoka na nani? Humo ndani mlikuwa na picha gani? Mbona uliifunga kwa namba ya siri, ulikuwa ukificha nini? Mama mkwe ana lake, wifi ana lake, na jirani aliyekuja kuomba chumvi naye ana lake. Katika maswali yote hayo, lile moja lenye faida haliulizwi na mtu: laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani?

Leo tunaandika tukiwa na hasira, na hatuoni sababu ya kuificha. Tumechoka kusoma ujumbe wa dada zetu wanaolia kuwa simu imekwenda, pesa imekwenda, na walipopiga huduma kwa wateja waliambiwa wamlete mwenye laini. Mwenye laini ndiye nani, kama si yule anayelia?

Ukweli ni huu, tuuseme bila kuung'ata. Wengi wetu tunatumia laini ambazo si zetu. Namba unayo miaka saba, imeandikwa kwenye kadi za harusi yako, imo kwenye kikundi cha kibati, imo kwenye daftari la skuli ya watoto. Lakini kwenye mtambo wa kampuni ya simu, mwenyewe ni mume, au kaka, au shemeji, au yule kijana wa mwamvuli aliyekuuzia laini njiani na ambaye hata jina lake hulijui. Siku za amani hilo haliumi. Linauma siku simu inapopotea, na siku hiyo hakuna muda wa kulitengeneza.

Kabla hujaendelea kusoma, piga *106#. Ni namba ya bure, inafanya kazi kwenye mitandao yote ya Tanzania. Itakuonesha laini uliyonayo mkononi imesajiliwa kwa jina gani, na ina sehemu ya kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wapo watakaoshangaa kwa kukuta jina la mtu mwengine. Wapo watakaoshangaa zaidi kwa kukuta kitambulisho chao kimebeba namba wasizozijua.

Tuwaeleze yaliyomkuta dada mmoja aliyeolewa Kamsamba. Kwa wasiopajua, Kamsamba ni kata ya Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, kule chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kando ya Mto Momba. Ukivuka daraja unaingia Kilyamatundu, na hapo tayari uko Mkoa wa Rukwa. Ni nchi ya mpunga na joto. Songwe yenyewe ni mkoa mchanga, umekatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mji wake unaojulikana kuliko yote ni Tunduma, pale mpakani na Zambia. Msiulize mtoto wa Kipemba amefikaje huko. Kuna pembe gani ya bara isiyokuwa na duka la Mpemba?

Huyu dada alikuwa na pesa zake kwenye simu. Sehemu ilikuwa mahari yake ambayo hakuigusa, sehemu ni faida ya vitambaa na udi anaouza, na sehemu ni kibati alichopokea wiki ile ile. Simu ikatoweka siku ya mnada, katikati ya watu. Hakupoteza muda, na hili lazima tumsifu. Aliazima simu ya jirani, akapiga 100 akaomba laini ifungwe. Akaulizwa jina la mwenye laini, akataja lake. Halikuwa lake. Akaulizwa namba ya kitambulisho, haikulingana. Laini ile ilisajiliwa kwa kidole cha shemeji yake, mdogo wa mume, zamani wakati yeye mwenyewe hajapata namba ya NIDA. Na shemeji siku hiyo alikuwa safarini, simu yake haipatikani.

Alipatikana siku ya nne. Akaenda kwa wakala, akaweka kidole, laini ikarudi. Tupu. Namba ya siri ya pesa ilikuwa imeandikwa kwenye kikaratasi nyuma ya kava la simu, na hilo nalo tumwambieni nani ambaye hajapata kulifanya au kuona likifanywa?

Hatumlaumu mhudumu aliyekataa. Angekubali kumfungia laini kila anayepiga na kudai ni yake, basi hasidi yeyote angeweza kukufungia yako asubuhi ya harusi yako. Kampuni inamjua aliyeweka kidole, basi. Tunaowalaumu ni sisi wenyewe majumbani, tulioona ni jambo la kawaida mwanamke mzima, mwenye akili na biashara, kutembea na laini ya mtu.

Tukumbushane ilianzaje. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Disemba 2019, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mnakumbuka foleni zile kwenye ofisi za NIDA. Ambaye hakuwa na namba ya kitambulisho hakuweza kusajili, na wengi walioachwa nyuma walikuwa wanawake: mama wa kijijini asiye na cheti cha kuzaliwa, binti asiyejua aanzie wapi, mama mwenye watoto wachanga asiyeweza kushinda kwenye mstari kuanzia alfajiri. Watu wakafanya lililowezekana. Mume akamwekea mke kidole, kaka akamwekea dada, mwana akamwekea mama. Ulikuwa wema, wala hatuuvunji. Lakini dharura ile imepita miaka, na laini bado ziko vile vile.

Sasa wapo watakaotuambia kuwa mume na mke ni kitu kimoja, na kwamba tunawafundisha wanawake jeuri. Tunajibu. Mahari katika Suratun Nisaa ni haki ya mwanamke mwenyewe, si ya baba yake wala ya mume aliyeitoa, na mume hana halali yoyote humo isipokuwa kile mke alichompa kwa ridhaa ya nafsi yake. Bi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake kabla hajaolewa na Mtume (S.A.W.), na ndoa haikuifanya mali ile ikose mwenyewe. Dini imetenganisha mali ya mke na ya mume miaka zaidi ya 1,400 iliyopita. Tunaozichanganya ni sisi, tena kwa laini ya shilingi elfu moja.

Na tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, simu si simu tena. Ni kibubu. Bibi zetu walikuwa na kibubu cha udongo chini ya kitanda, na hakuna mwanamme aliyeweza kukivunja bila nyumba nzima kusikia. Kibubu cha siku hizi kinafunguliwa kwa kidole cha aliyekisajili. Aliyesajili akitaka leo, anakwenda kwa wakala anasema laini yangu imepotea, anaweka kidole, anapewa laini mpya. Ile iliyo mkononi mwako inakufa hapo hapo. Namba imehamia kwake, na namba ndiyo inayopokea ujumbe wa kubadilisha namba ya siri, na ndiyo inayofungua WhatsApp yako kwenye simu yake. Wewe utasema umeibiwa. Yeye atasema amerudisha laini yake. Kwa maandishi, yeye ndiye mkweli.

Utasema mume wako si mtu wa hivyo. Alhamdulillah, na Mungu amzidishie. Lakini je, mtaachana lini? Hujui. Atafariki lini? Hujui. Na hapa kwenye kifo ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri, maana hatujasikia likisemwa.

Tuchukulie una laki nane zako kwenye laini yenye jina la mume, naye akafariki, Mungu amrehemu, ameacha watoto. Pesa iliyomo kwenye laini ya marehemu inahesabiwa ni ya marehemu mpaka mtu athibitishe vyengine. Utasema ni yako, jasho lako la ubuyu na maandazi. Kwa kadhi kwa sisi wa Visiwani, au mahakamani kwa walioko bara, utaulizwa ushahidi, na karatasi zote zina jina lake. Laki nane zitaingia kwenye mirathi. Mke akiwa na mume aliyeacha watoto fungu lake ni thumuni. Thumuni ya laki nane ni laki moja. Na kama mko wake wawili, thumuni hiyo mnagawana, kila mmoja elfu hamsini. Umeingia msibani na laki nane zako, umetoka na elfu hamsini, na hakuna aliyekuibia. Kila mmoja amefuata sheria.

Haya ndiyo yanayotufanya tupandishe sauti. Somo anakaa na biharusi siku saba, anamfundisha singo, anamfundisha kufukiza nguo, anamfundisha maneno ya kumtuliza mume, na yote hayo tunayapenda wala hatuyaachi. Lakini tunamuuliza somo: mwari wako anaijua namba yake ya NIDA? Zile tarakimu 20 ameziandika mahali palipo nje ya simu? Ameona mwenyewe *106# inaonesha jina la nani? Na ninyi walii na wajomba mnaokaa kikao cha mahari mpaka usiku kwa ajili ya simu ya bei kubwa, kuna hata mmoja aliyeuliza risiti?

Maana hili nalo lipo. Bwana harusi anatakiwa simu ya aina fulani, uwezo hana, anaipata kwa mtu kwa nusu ya bei, haina boksi wala risiti. Simu iliyoibiwa, mwenyewe akiiripoti, inaweza kufungiwa kwa namba yake ya utambulisho, ile IMEI ya tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#, na ikishafungiwa haiingii tena kwenye mitandao ya Tanzania. Biharusi wa watu yuko fungate na simu inayogeuka kipande cha kioo. Zaidi ya hayo, kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kuibadilisha simu namba ya IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010. Fundi anayekwambia atakubadilishia kwa elfu kumi anakualika kwenye kesi. Kabla ya kulipa, tuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama simu ni halisi, na dai risiti yenye namba hiyo. Afadhali simu ya kitochi yenye risiti. Mahari haijapungua.

Turudi Kamsamba, kwa sababu kilichofuata kinatuhusu sote. Siku zile nne za kumsubiri shemeji hazikuwa za kukaa kimya. Upande wa ukweni walitaka waende kwa mganga. Tanzania nzima imesikia mizaha kuhusu radi ya Sumbawanga, na bonde lile liko karibu. Upande wa nyumbani, kutoka Pemba, ikapigwa simu kwamba isomwe Albadiri. Pesa ikachangwa, ya ubani, ya mbuzi, ya msomaji. Yaani dada aliyepoteza akiba yake akatakiwa atafute nyengine ya kumtafutia mwizi.

Hatutoi fatwa juu ya Albadiri. Masheikh wetu wametofautiana, wapo wanaoisoma na wapo wanaoipinga kabisa, na sisi si wa kuwaamulia. Tunasema neno dogo tu: Albadiri haifungi laini. Wakati majina ya watu wa Badri yanasomwa, mwizi yuko kwa wakala. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na bedui kuhusu ngamia, alimwambia amfunge kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Laini ndiyo ngamia wetu. Ama ya ramli na kupiga bao, hapo hatuna la kutofautiana. Tumeonywa kuhusu watabiri kwa onyo zito, hata la kukosa malipo ya sala za siku 40, na tukaacha onyo hilo kwa ajili ya simu?

Madhara yake tumeyaona mengine. Ramli ikipigwa lazima imtaje mtu, na anayetajwa ni mnyonge wa nyumba: dada wa kazi, mtoto wa kambo, jirani maskini. Binti wa watu anafukuzwa usiku na jina la mwizi, halafu simu inakuja kuonekana chini ya kiti cha daladala. Nani atamrudishia jina lake?

Na anayeiokota chini ya kiti cha daladala naye ana lake la kujibu. Kuna msemo wa mitaani kwamba kuokota si kuiba. Uongo mtupu. Kitu cha kuokota katika dini yetu ni amana, na mafunzo yake yanajulikana: unakitambua, unakitangaza mwaka mzima, na mwenyewe akija unampa. Simu ni rahisi kuliko kitu chochote cha kuokota kilichowahi kuwapo duniani, kwa sababu mwenyewe anaipiga. Ipokee. Kama imezima chaji, ichaji uiwashe usubiri. Na usifungue picha. Tumekatazwa kuingia nyumba za watu bila ruhusa na bila salamu, na kwa mwanamke wa leo picha zilizo kwenye simu ni chumba chake cha ndani kuliko hata nyumba.

Picha, ndiyo. Hapa wengine wanatusubiri. Wanataka tuseme kwamba mwanamke wa Kiislamu hana sababu ya kuwa na picha asizoweza kuzionesha. Hatusemi hivyo. Biharusi amepigwa picha na dada zake siku ya hina, nywele zake zimeachwa, mikono yake imepambwa hadi kwenye viwiko, katika chumba cha wanawake watupu. Amefanya kosa gani? Kosa ni la anayezisambaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuwa jinai kusambaza picha za utupu mtandaoni, na kumtesa mtu kwa ujumbe wa kumtisha nako ni jinai. Akikutumia mtu ujumbe kwamba lete pesa au nazirusha, usimtumie hata shilingi, maana akishalipwa mara moja hatoacha. Usiufute ujumbe wake, ndio ushahidi wako. Nenda polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, na mnaweza kuomba kuhudumiwa na askari wa kike. Na mume anayemwacha mke kwa sababu mwizi ameiba picha zake, huyo amemkamilishia mwizi kazi. Hatuna lugha laini ya kumwambia.

Tunajua mmekuja hapa pia kwa ajili ya kujua la kufanya, basi tulieleze kwa haraka. Simu ikitoweka, dakika za mwanzo ni za pesa, za simu yenyewe zitafuata. Azima simu yoyote piga 100 ya mtandao wako, omba ifungwe laini pamoja na akaunti ya pesa, vyote viwili, usidhani kimoja kinafuata chengine. Watakuuliza jina, namba ya kitambulisho, pengine salio la mwisho na namba ulizopiga karibuni. Kama una laini mbili za mitandao miwili, piga mara mbili. Kama benki yako imeunganishwa na namba hiyo, piga na benki. Kisha wajulishe watu wa kibati, na hili wengi wanalisahau. Mwizi akishafungua WhatsApp yako anawaandikia mashoga zako kwa jina lako kwamba umekwama hospitali, tuma kwa namba hii. Taarifa za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikiutaja Mkoa wa Rukwa, na Morogoro pia, miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa laini, na Kamsamba iko daraja moja tu kutoka Rukwa. Ujumbe wa namna hiyo ukiupata, uelekeze kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Baada ya hapo ndipo unapokwenda polisi kuchukua ripoti ya kupotelewa, au namba ya RB kama ni wizi, kisha kwa kampuni ya simu na kitambulisho chako ili laini irudishwe na IMEI ifungiwe. IMEI utaitoa wapi na simu haipo? Kwenye boksi, kwenye risiti, au pale ulipoiandika. Iandike leo. Walioko Tunduma wajue kwamba kufungiwa huku ni kwa mitandao ya Tanzania. Simu iliyovuka Nakonde ikatiwa laini ya Zambia ni habari nyengine, kwa hiyo msiitegemee peke yake. Simu ya tachi yenye akaunti ya Google unaweza kuitafuta, kuifunga na kuifuta kwa mbali ukiingia kwenye akaunti yako kupitia simu ya mtu, ilimradi unaikumbuka nywila. Laini mpya ikishapatikana, isajili tena WhatsApp kwenye simu yoyote, na ile iliyo kwa mwizi itatoka yenyewe.

Na usifute simu kabla ya kufunga pesa. Tumeona watu wakianza kulia picha za fungate huku salio linaondoka.

Jambo moja dogo ambalo hatuoni likifanywa huku kwetu: laini yenyewe inaweza kufungwa kwa PIN, mbali na ile ya simu na mbali na ile ya pesa. Mwizi akiichomoa na kuitia kwenye simu yake, haiwaki. Ni kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Angalia tu usikosee mara tatu, itakudai namba ya PUK, na PUK imeandikwa kwenye ile kadi ya plastiki uliyokatia laini. Ile kadi ambayo kila mtu huitupa pale pale kwa wakala.

Kwa wale waliopiga *106# wakakuta jina si lao, dawa ni kuhamisha umiliki, na inafanyika kwenye duka la kampuni ya simu wote wawili mkiwapo, yeye anayeiachia na wewe unayeichukua. Ndiyo maana tunasema ifanyeni sasa, mkiwa hai, mko pamoja na mnasemezana. Kama aliyeisajili ni kijana wa mwamvuli asiyejulikana aliko, usihangaike naye. Hamisha pesa zako mapema kwenye laini mpya iliyosajiliwa kwa kidole chako, wapeni watu namba mpya, na ile ya zamani iacheni. Itauma kuiacha namba uliyoizoea. Duka likiwa mbali, kama lilivyo kwa walioko Kamsamba, unganisheni safari hiyo na ile ya kupeleka mpunga. Kila mmoja aende na namba yake ya NIDA, na laini yenyewe iwe ndani ya simu mkononi, wasije wakawarudisha kuifuata nyumbani.